Macho Hayatolewi Sadaka

Mama Auleria alikosa tundu la sindano. Jambo lenyewe lilianza hivyo tu, na kama unangoja radi na moshi wa kijani, nenda kaangalie filamu. Mwanamke aliyeshona sare za shule miaka thelathini na moja, anayetunga uzi huku anamsuta mtu na macho kayatupa barabarani, alilamba ncha ya uzi, akalenga, akakosa. Akalenga tena. Uzi ukapita pembeni.

"Koku," akasema, "hii sindano imeziba."

"Sindano haizibi, mama," akajibu bintiye bila kugeuka.

Kokushubila hakuwa na muda wa sindano. Fremu yao ya biashara, Mtoni Kijichi, ilikuwa moja, wameigawa kwa pazia la kitenge ambalo halikufungwa hata siku moja: mlangoni cherehani ya mama, ndani meza ya Koku, fundi kompyuta ambaye mtaa mzima ulimletea mashine zilizogoma. Mbele yake siku hiyo kulikuwa na kompyuta ya mtumba aliyoletewa asubuhi na Mudathir, dalali anayeshinda Kurasini kwenye yadi za makontena. Mashine inawaka vizuri, ila kioo kinatia aibu. Maandishi manene kama ya bango la mganga, na sura za watu kwenye picha zimetanuka utadhani wamekaliwa.

Ugonjwa huo Koku aliujua kuliko alivyoijua namba yake ya simu. Kadi ya picha iliyomo ndani haijapata draiva yake, ile programu ndogo inayoifundisha mashine namna ya kuongea na kioo. Dawa yake, kwa mafundi wa Temeke, ni ya dakika tano: soma kibandiko cha kampuni kwenye kava, chomeka flashi yenye draiva za kila kampuni chini ya jua, chagua, bonyeza, zima, washa. Alisoma kibandiko, akachagua. Mashine ikaleta onyo kwamba draiva hii hailingani na kifaa. Chini ya onyo kulikuwa na kitufe cha kulazimisha. Fundi mwenye mashine sita zinamngoja hufanya nini? Alilazimisha.

Kioo kikawa cheusi. Kikakaa cheusi kuliko kawaida, kisha kikarudi kimetakata, rangi zimekolea, herufi zimechongoka. Ilikuwa saa saba mchana, jua liko utosini, saa ambayo watu wa pwani huwaita watoto wao ndani. Fremu ikanukia udi. Koku akadhani ni Bi Mwajabu, mwenye nyumba wao anayekaa uani, anafukiza nguo zake. Na ni dakika hiyohiyo mama yake alipoilaumu sindano.

Siku ya pili Mama Auleria alimwambia mteja, "Umenenepa uso, mama Hope, hongera!" Mama Hope alikuwa mwembamba vilevile kama mwaka jana, akaondoka kanuna. Siku ya tatu nyuso zote barabarani zilikuwa pana. Siku ya nne zikaanza kuwa za bluu. Wakaenda hospitali, daktari akamulika, akapima, akasema macho mazima kabisa, mama apumzike. Apumzike! Zimebaki siku tisa shule zifunguliwe, na shati za watoto wa shule mbili ziko mezani hazina hata kifungo kimoja.

"Sio shati," Mama Auleria alisema jioni, wakiwa wanafunga fremu. "Shati atashona mwingine. Baba yako alipokufa, mashemeji wakachukua nyumba ya Bukoba, sikulia. Nilisema nina macho na nina vidole, nitakula. Sasa Koku, waitu, mwanangu, macho yakienda mie nitakuwa nani?"

Koku akashindwa kufunga kufuli. Kwa sababu kuna kitu alikuwa ameshakiona na hakutaka kukisema: kila mama yake anapopungukiwa macho, kile kioo kinaongezeka kung'aa. Siku nyuso zilipogeuka bluu, kioo kilipata bluu ambayo Koku hajapata kuiona kwenye kioo chochote, kipya wala cha mtumba. Kesho yake asubuhi aliizima mashine ile, akachomoa waya wa umeme, akauzungusha mkononi, akaufungia kwenye droo.

Saa saba ilipofika akamsikia mama yake anaongea.

"Karibu mama, kaa hapo kwenye stuli. Mtoto wako yuko darasa la ngapi?"

Cherehani ikaenda kidogo, ikasimama.

"Nauliza darasa la ngapi. Haya, kama hutaki kusema. Ila hicho kitambaa usikivute, utanikosesha."

Koku akageuka. Stuli ilikuwa tupu. Mama yake anaitazama na kutabasamu kibiashara, na kitambaa kilichokuwa chini ya sindano ya cherehani kinavutika kuelekea kwenye stuli, polepole, hakuna mkono.

Akarudisha uso mezani asijue la kufanya, na hapo ndipo alipokiona kile kioo, ambacho kilikuwa kimezimwa, ambacho waya wake ulikuwa kwenye droo, kikiakisi fremu nzima kama kioo chochote cheusi kinavyoakisi, pazia, cherehani, mlango, jua la nje, mama yake, na juu ya stuli mtu aliyejifunika gubigubi toka utosini hadi sakafuni, shingo imepita urefu wa shingo, kainama mbele ya uso wa mama yake, karibu kabisa, kama mtu anayesoma maandishi madogo, na kila alipovuta pumzi, mle ndani ya kioo macho ya mama yake yalififia kidogo, na kila alipoitoa, fremu ilinukia udi, na chini ya udi harufu nyingine, ya vumbi lililoungua na maji ya chumvi yaliyolala.

"Mama," Koku akanong'ona, "toka kwenye cherehani. Taratibu."

"Nina mteja."

"Huna mteja. Njoo kwangu. Usimwangalie."

Kitambaa kikaachiwa ghafla. Stuli ikalia mwiii, kama inavyolia mtu mzito anapoinuka. Mama Auleria akaitazama ile stuli, akatazama mlango ambao hakupita mtu, na tabasamu likamwishia usoni.

Bi Mwajabu aliitwa, akaja na chetezo chake cha udi mkononi kabla hata hawajamaliza kumweleza.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Huo udi nausikia toka Jumatatu. Nikasema, kumbe Wahaya nao wamestaarabika."

Mama Auleria alikuwa ameshaikamata rozari yake. "Bi Mwajabu, mie Mkatoliki. Sipungwi pepo mie."

"Auleria, jini hamwombi mtu cheti cha ubatizo. Wewe shika tasbihi yako, nami nashika yangu. Kaa chini."

Akafukiza udi, akasoma, akasoma. Kichwa cha Mama Auleria kikaanguka kifuani. Kilipoinuka, sauti iliyotoka haikuwa yake. Ilikuwa laini, ya maringo, na ilitoka bila midomo kuifuata sawasawa.

"Nani wewe?" Bi Mwajabu akauliza.

"Mie Binti Sultani. Nimetoka ng'ambo ya bahari. Mashine mliiita kwa jina la heshima, nami nikaitika." Ikakohoa. "Nataka shuka nyekundu. Nataka marashi, na halua kwenye sinia. Na hapa ndipo kwangu." Ikakohoa tena.

"Muache mama yangu!" Koku akafoka.

"Shhh!" Bi Mwajabu akamfinya mkono. "Mtoto wa kifalme hakemewi hivyo. Ataridhika, atatulia."

Wakampa. Shuka nyekundu ilitandikwa juu ya stuli, marashi yakanyunyizwa, halua nzuri ya Bi Mwajabu ikawekwa na asubuhi sinia ilikuwa nyeupe. Na asubuhi hiyohiyo Mama Auleria aliamka, akapitisha mkono mbele ya jicho lake la kulia, mara moja, mara mbili.

"Koku," akasema bila kupandisha sauti, "huku upande huu wamezima."

Hapo Koku akapandwa na hasira. Wapo watu wakiogopa hulia, yeye akiogopa hushika bisibisi. Aliifuata ile mashine, akaifungua skrubu nne, akang'oa kava lote, na alichokiona ndani kilimfanya atukane tusi ambalo mama yake hajui kama analijua. Kava lilikuwa na kibandiko cha kampuni kubwa, linang'aa. Ndani yake, ubao, nyaya, kadi ya picha, hakuna hata kimoja cha kampuni hiyo. Akapiga simu.

"Mudathir, hii mashine kava lake ni lake?"

"Ah, sista, ishu gani tena?"

"Jibu."

"Sasa sikia. Kulekule yadini wanabadilishaga makava. Jina hilo linatoka haraka, yale mengine watu hawayajui. Lakini si inawaka?"

"Mungu akulaani nusu," Koku akamwambia, "hiyo nusu nyingine nakuja kuimalizia mwenyewe."

Akautoa waya kwenye droo, akauchomeka, akaiwasha. Safari hii hakukitazama kibandiko. Aliingia kwenye orodha ya vifaa, akaifungua kadi yenyewe, akaitafuta namba yake ya utambulisho, ile ndefu ambayo kiwanda huiandika ndani ya kifaa, haibandikwi wala haibanduliwi. Akaitafuta namba hiyo kwa bando la simu mpaka ikampeleka kwa mwenyewe, kampuni ndogo ambayo hajapata kuisikia. Akapakua draiva yake, akaiweka kwenye flashi. Kisha jambo likamjia kichwani likamwinua kitini.

Bi Mwajabu alikuwa uani anakuna nazi.

"Bibi, nani alikwambia yule ni binti sultani?"

"Si alisema mwenyewe? Ulikuwepo."

"Na mie kibandiko kilisema. Nikakiamini, nikailazimisha mashine ile draiva isiyo yake, nikamfungulia mlango. Ukitaka kuijua mashine huulizi kibandiko, unaiuliza yenyewe. Yule tumemuuliza mwenyewe, au tumesoma kibandiko chake?"

Bi Mwajabu akainua kifuu kwenye mbuzi ya nazi.

"Alikohoa," akasema taratibu. "Mara mbili. Udi ndio chakula cha wale wakubwa, Koku. Binti sultani akohoe udi kama mpangaji?" Akasimama, nazi ikamwagika. "Kibwengo! Kibwengo cha mchana, kidudu cha maji machafu ya bandarini, kimeninyunyizisha marashi kwa jina la watu! Kimekula halua yangu! Mie, Mwajabu, na mvi zangu hizi!"

"Anatolewa na nini?"

"Mvuje, utomvu ule wa kufukiza unaonuka vibaya. Akiisikia harufu yake hakai. Na aitwe jina lake usoni, na mtu ambaye hampi kitu. Ila atakutisha, mjukuu wangu. Hana silaha nyingine."

"Mie naogopa tayari," Koku akasema. "Lakini simpi."

Walimngoja saa yake mwenyewe. Kesho yake, saa saba kamili, mlango uko wazi na jua limejaa sakafuni, Bi Mwajabu akautia mvuje kwenye makaa, na fremu ikanuka uvundo wa kutoa machozi. Mama Auleria alikaa kwenye cherehani yake, rozari mkononi. Koku akakaa mezani. Akaichagua ile draiva ya uongo, akaifuta. Herufi zikarudi kuwa nene, sura zikatanuka, na nyuma yake ile sauti laini ikatoka kwenye mdomo wa mama yake.

"Unafanya nini?"

"Nakuondolea kiti," Koku akasema, akabonyeza kuwasha upya.

Kioo kikawa cheusi, na ndani ya weusi ule akamwona, safari hii hayuko kwenye stuli bali nyuma yake yeye Koku, shuka nyekundu begani, shingo imeinama juu ya kichwa chake mpaka baridi ya pumzi ikamshuka kwenye utosi, na pazia la kitenge ambalo halikufungwa hata siku moja likaanza kujifunga, pete moja baada ya nyingine, likaja likamtenga na mama yake, na nyuma ya pazia cherehani ikaanza kwenda yenyewe, kwa kasi, kwa kasi zaidi, sindano inagonga chuma bila kitambaa, na Bi Mwajabu anasoma kwa sauti na sauti yake inazidi kuwa mbali kana kwamba anasomea mtaa wa pili, na Koku hakuthubutu kugeuka kwa sababu alijua akigeuka hatamwona, na akiacha kumwona ndiyo kwisha.

"Nikitoka natoka na macho yote mawili," sauti ikasema sikioni, si mdomoni mwa mama tena. "Niache nikae. Nitamrudishia moja. Moja tu, la kutungia uzi. Mwenye akili hupokea."

Koku aliwaza. Msimlaumu, aliwaza kweli, kwa muda wa pumzi mbili nzima. Jicho moja si haba. Wapo watu wanashona kwa jicho moja.

Ndipo nyuma ya pazia, chini ya kelele za cherehani, akamsikia mama yake, sauti yake hasa, ya Kibukoba, imekauka.

"Koku! Usipokee!"

"Umemsikia mwenye macho," Koku akakiambia kile kioo, na machozi yanamtoka, na sauti haikumtetemeka. "Shuka ulipewa. Halua umekula. Macho hayatolewi sadaka. Wewe sio binti sultani, wewe sio binti wa mtu yeyote. Kibwengo! Kibwengo wewe, toka kwetu!"

Baridi ikamtoka utosini. Mashine ikawaka, herufi nene. Akaichomeka flashi, akaita draiva yenyewe, na mashine haikuleta onyo lolote, ikaipokea kama mtu anayeitwa jina alilopewa na wazazi. Asilimia kumi. Kitu kikapiga teke meza. Asilimia arobaini. Udi ukawaka puani kwa mara ya mwisho, ukageuka moshi wa nywele. Asilimia sabini, na hakuondoa mkono, ingawa vidole visivyo vyake vilikuwa vimemshika kifundo cha mkono na kukivuta. Mia. Stuli ikaruka, ikajibamiza mlangoni, ikaanguka nje juani. Cherehani ikasimama.

Bi Mwajabu alilikamata pazia kwa mikono miwili, akaling'oa na fimbo yake.

Kioo kilirudi vile kinavyotakiwa kuwa kioo cha mtumba, kimechujuka kidogo, kina mkwaruzo kwenye kona. Nyuso kwenye picha zilikuwa nyuso. Mama Auleria alifumba jicho moja, akafumbua, akafumba jingine, akamgeukia bintiye.

"Koku," akasema, "una chunusi kwenye kidevu."

Koku akalia kwa sauti kubwa mpaka watu wa saluni ya jirani wakaja kuuliza nani kafiwa.

Walifagia, wakamwaga maji ya chumvi kizingitini, wakairudisha stuli ndani. Ile shuka nyekundu waliitafuta hawakuiona. Mudathir alikuja mwenyewe kuichukua mashine, akamkuta Koku ameandika jina la kweli la kadi kwa kalamu ya wino juu ya kile kibandiko, herufi kubwa. Alitaka kuguna, akaangalia bisibisi, akaacha.

Siku mbili kabla ya shule kufunguliwa, saa saba mchana, Mama Auleria alisimamisha cherehani. Alikuwa anatazama nje.

"Yupo," akasema.

Koku akainua kichwa. Barabara ilikuwa tupu na nyeupe kwa jua. "Nani?"

"Pale ng'ambo, karibu na nguzo ya umeme. Kajifunika shuka yetu. Ananiangalia macho."

Koku alishainuka, mkono mmoja bisibisi, mwingine unapapasa kopo la mvuje.

"Kaa chini," mama yake akamwambia. "Shuka alipewa, mwache avae."

Akachomoa sindano ya mkono kwenye kifua cha gauni lake, akakata uzi mweupe kwa meno. Kisha akaigeuza stuli, akaikalia, uso umeelekea mlangoni, akaiinua ile sindano juu kabisa, mwangani, mahali ambapo mtu aliyesimama ng'ambo ya barabara angeiona vizuri. Hakulamba uzi. Akaupitisha mara moja.

"Umeona?" akaiuliza barabara.

Akangoja kidogo kama kuna jibu. Halikuja. Akavuta shati la kwanza, akaanza kushona vifungo.